Evelina Aliyeombwa kwa Ajili ya Kompyuta

Mwalimu Rose wa Butimba ameniganda. Kila Jumapili tukitoka misani ananishika mkono: "Mama Evelina, tuandikie habari za mwanao tuweke kwenye kijitabu cha wanawake wa parokia." Nimemwambia mwenye habari ni Evelina mwenyewe, akamuulize yeye, ana meza na kiti cha kuzunguka. Mimi kusoma nilijifunzia ngumbaro, nikiwa mtu mzima nina mtoto mgongoni, na kalamu mpaka leo naishika kama mpini wa jembe. Yeye anasema andika hivyohivyo. Haya, naandika. Ila mkinisahihisha, sahihisheni herufi tu. Mambo yaacheni kama nilivyoyasema.

Evelina ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake, Masalu, alikuwa fundi wa kinu cha kuchambua pamba. Ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wakaingia, kile kinu kilinyamaza, naye akanyamaza nacho. Hakuwa mgonjwa sana. Alikosa tu pa kwenda asubuhi. Tulipomzika tukabaki wawili hapa Mkolani, Mwanza, mimi na binti, kwenye nyumba yetu iliyo chini ya mawe.

Viwanda vya minofu ya sangara vilipoota kando ya ziwa, Evelina akapata kazi katika kimojawapo. Alianza na kisu, akikata minofu, halafu wakampeleka mapokezi, kwenye mzani, kwa sababu haogopi watu wa boti. Mtu wa boti akimwambia, "Dada, ongeza kidogo hapo," anamjibu, "Ongeza samaki wewe, mzani hauzai." Jioni anarudi ananuka samaki, miguu imekuwa myeupe kwa maji ya barafu. Mimi nimeshapasha maji. Anatia miguu kwenye beseni, tunakula, ananieleza nani kagombana na nani. Redio sikuwa nayo na sikuihitaji.

Kazi ya mapokezi ilikuwa hivi. Boti za kiwanda zinatoka na barafu, zinapita kambi za wavuvi visiwani, zinachukua samaki hapa, zinachukua pale, zikijaa zinarudi. Hapo samaki wanapimwa na karani anaandika kwa mkono. Mwaka 1998 wanunuzi wa nje wakawa wakali, wakataka kila samaki ajulikane ametoka kambi gani. Meneja, Bwana Maige, akasema sasa tuingize kompyuta.

Kompyuta alinunua. Lakini kompyuta bila programu ni sanduku. Evelina alinieleza: "Mama, ni kama msichana wa kazi aliyefika leo. Hajui kitu mpaka umwelekeze. Ukimwelekeza vibaya atafanya vibaya kwa bidii." Hayo maelekezo ndiyo programu, na pale kiwandani hapakuwa na mtu wa kuyatunga. Maige akawapa kazi hiyo watu wa Dar es Salaam, kampuni ya vijana wanaotunga programu za watu wengine. Wao watunge huko, walete ikiwa tayari.

Wakaja wawili kutazama: mkubwa wao, na kijana mmoja mtungaji, Kevin Ojuok, Mjaluo ambaye kwao ni Shirati lakini amekulia Dar. Kiwanda kiliwapokea kama wakwe. Sato wa kuchoma, soda, matembezi ya kutazama mawe yaliyosimama majini. Katikati ya kula Kevin akauliza watu wa mapokezi, "Boti ikija, samaki wametoka wapi?"

"Kambini."

"Kambi gani?"

"Ya wavuvi."

Akaandika. Hakuna aliyemwambia kwamba boti moja hubeba samaki wa kambi nyingi. Hawakumficha. Nani angefikiri kwamba yupo mtu asiyejua hilo? Ni kama kumweleza mgeni kwamba ziwani kuna maji.

Wakaondoka, wakakaa kimya miezi, wakarudi na programu kwenye diski. Wakaiwasha mbele ya watu wote. Evelina akaona palepale: boti moja, kambi moja, na usipojaza haikupeleki mbele. Kevin akauliza, "Mnaionaje?" Wote wakasema nzuri sana. Wakapiga makofi. Na Evelina alipiga.

Jioni, miguu ikiwa kwenye beseni, akaniambia, "Mama, ile kitu haitafanya kazi."

"Umewaambia?"

"Mtu atoke Dar, amekula kwetu, amevaa na tai, nimwambie mbele za watu kazi yako mbaya?"

"Hapana," nikasema. "Hilo huwezi kumfanyia mgeni."

Ndivyo nilivyosema, na hata leo ukiniuliza nitasema hivyo. Sisi mgeni hatumuumbui.

Basi wageni wakaenda zao. Mapokezi boti zikapanga foleni, barafu inayeyuka, watu wa boti wanatukana. Wapimaji wakavumbua njia. Kompyuta ikiuliza kambi, wanabonyeza ile ya kwanza iliyo juu, mambo yaendelee. Ile ya kwanza ilikuwa kisiwa kimoja kidogo chenye vibanda vichache na mbuzi. Baada ya muda wanunuzi wa nje wakasoma karatasi zao wakashangaa: kisiwa hicho peke yake kinalisha Ulaya nzima! Wakaandika kwa faksi kwamba wanasimamisha ununuzi mpaka waelezwe. Kiwanda kikapunguza watu. Evelina hakupunguzwa, ila alikuwa anakwenda kazini kukaa.

Maige akapiga simu Dar akafoka. Mkubwa wa kule akamjibu kwa upole, "Bwana Maige, tuliwauliza. Mkasema nzuri sana. Mkapiga makofi." Maige akaweka simu chini, maana na yeye alipiga.

Sasa sikilizeni siku waliyokuja kwangu. Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko, naanika michembe, viazi vyetu vya kukausha, juu ya mwamba, nikaona wanaume wawili wanapanda njia, mmoja kavaa koti kwenye jua lile. Mwenye koti ni Maige. Wa pili ni mzee Shimba, mlinzi mkuu wa kiwanda, mtu mzima ambaye husemea watu posa zao huku kwetu. Nikasema kimoyomoyo, Evelina ana miaka thelathini, Mungu amekumbuka. Nikatupa michembe, nikaingia ndani kubadili kanga.

"Mwadila, mayu," akanisalimia Shimba kwa Kisukuma.

"Mwadila. Karibuni. Kaeni."

Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe ambao mimi sina. Shimba akakohoa. "Mama Evelina, tumekuja na haja. Tumeona kwako kuna binti. Tumekuja kumwomba."

Nikatazama chini kama inavyotakiwa. "Anayemtaka ni huyu mwenye koti?"

Maige akaruka. "Hapana, mama! Mimi nina mke, nina watoto wanne!"

"Basi ni nani? Mbona hamkuja naye?"

Shimba akajikuna kichwa. "Mama, usikasirike. Ni kompyuta."

Nilikasirika. Nikasema, "Mzee Shimba, umepanda mlima wote huu kuniposea kompyuta? Itatoa ng'ombe wangapi?" Maige akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshabadili kanga.

Shimba akanieleza taratibu. Akasema, mama, wewe umewahi kualika watu wakulimie. Wakija na ngoma na majembe yao, unawaachia shamba unakwenda sokoni? Nikasema thubutu, nikirudi nikute wamelima na karanga za jirani? Mwenye shamba anakuwa mbele yao, anawaonyesha mpaka. "Sasa sisi," akasema Shimba, "tuliwapa watu shamba letu tukaenda sokoni. Tunataka mtu wetu akakae nao huko Dar mpaka wamalize."

"Mwenye shamba ni Maige. Aende Maige."

Maige akasema, "Mama, mimi nakaa ghorofani. Samaki namwona akiwa kwenye sahani. Nikienda mimi tutarudi kulekule. Anayejua mapokezi na haogopi mtu ni Evelina. Na siwezi kumchukua binti wa mtu kama gunia, ndiyo maana nimekuja na mzee."

Hapo alinishika. Mtu amekuja mwenyewe, kapanda kwa miguu, kaomba kwa adabu. Nikamwita Evelina. Alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango muda wote huo, maana aliingia kabla sijamaliza jina lake.

"Unataka?"

"Ukinipa ruhusa, mama."

"Sikukuuliza ruhusa. Nimeuliza unataka."

"Nataka."

Nikamgeukia Maige. "Nakuazima. Kazi ikiisha arudi." Akasema atarudi. Nikawachinjia kuku, wakala.

Akaenda kwa treni. Mimi kule kwao sijafika, nasema alivyonisimulia mwenyewe. Walimpa kiti kwenye kona, wakamletea chai, wakamwacha. Walidhani amekuja kuwasimamia kama nyapara. Yeye akasogeza kiti mpaka ubavuni kwa Kevin akakaa hapo. Kevin akiandika kitu, Evelina anamuuliza, "Hiki ni cha nini?" Evelina akieleza jambo, Kevin anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Evelina akakijua kile kichwa, ni sawa na yale makofi ya mapokezi. Akamwambia, "Kaka, usinitikisie. Nirudishie nilivyosema, kwa maneno yako." Kijana akarudisha, akakosea, wakaanza tena. Mwanzo Kevin alimchukia. Akamwambia, "Dada, wewe ni mwiba." Evelina akamjibu, "Mwiba wa sangara, ukiumeza haraka shauri yako."

Jambo la pili alikataa wasiitunge yote kimya kimya ndipo walete. Akasema kila Ijumaa nionyesheni kilichokwisha, hata kama ni mlango bila nyumba. Kipande hicho kinatiwa kwenye diski, kinasafirishwa Mwanza, wapimaji wanakijaribu kwa samaki wa kweli na mikono yenye magamba. Halafu Evelina anapiga simu mapokezi. Na huko, jamani, walivyomtukana! Mgeni walimpigia makofi, lakini Evelina ni wao, waliwahi kugombea naye ndoo. "Wewe Evelina, hilo dude lako linauliza maswali kama mama mkwe!" "Vitufe vyote hivyo vya nini, tunapiga kinanda?" "Boti ina kambi saba, dude linataka moja, tukate samaki vipande?" Evelina anacheka, anamgeukia Kevin, anamweleza bila kupunguza. Kevin anafuta, anatunga upya. Kevin mwenyewe alimwambia baadaye kwamba katika kazi zake zote hakuna mteja aliyewahi kumtukana namna ile, na hakuna programu aliyowahi kuimaliza bila kuirudia mwishoni, isipokuwa hii.

Haya ni ya huko. Sasa ya huku, ambayo Mwalimu Rose hakuniuliza.

Nyumba ya mtu mmoja ina kelele zake. Unasikia bati likijinyoosha jua linapopanda. Unasikia unavyotafuna. Ugali nilishindwa kupika wa mtu mmoja, mkono ulikuwa haujui kipimo hicho, nikawa nampa mbwa wa jirani mpaka akahamia mlangoni kwangu, na mimi mbwa simpendi. Komeo la mlango zamani lilikuwa linasubiri Evelina aingie. Sasa nikawa nalifunga jua lingalipo, maana hakuna wa kuingia. Na maji ya miguu, Mungu anisamehe, niliyapasha mara nyingi tu. Nikikumbuka, nayaacha yapoe, naenda kuyamwaga kwenye mihogo.

Jumapili nilikuwa natoka misani naenda moja kwa moja dukani kwa Adoyo, ambaye ana simu. Evelina alipiga hapo. Adoyo ni mama wa Kijaluo, mdomo wake haufungwi.

"Mama Evelina, leo umejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Simu haina macho."

"Weka sukari kwenye mzani, Adoyo. Hukualikwa."

Simu ikilia naisikia mpaka magotini. Evelina ananieleza habari za Ijumaa, za diski, za Kevin. Nusu sielewi. Nasikiliza sauti tu kama imenenepa au imekonda. Siku moja nikamuuliza, "Unakula na nani?"

"Na mimi mwenyewe, mama. Huku mtu anakupita mlangoni hata shikamoo hakupi."

"Basi rudi."

"Kazi haijaisha."

Nikamsikia anapumua. Na mimi nikapumua. Adoyo, mdomo wake wote ule, alijifanya anatafuta kibiriti chini ya meza.

Kazi ikaisha. Akarudi kwa treni, kakonda, ana viatu vya kamba. Mapokezi wakaiwasha ile programu, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Walifanya kazi tu. Boti inaingia, inaandikwa na kambi zake zote, kila kambi na samaki wake, inaondoka barafu ikiwa bado ngumu. Wanunuzi wakatulia, watu waliopunguzwa wakaitwa tena. Maige akanitumia sangara mzima kwa gari. Nikamrudishia kichwa, ndiyo heshima.

Tukakaa mimi na mwanangu kama zamani. Karibu kama zamani. Nikimwambia kachume mlenda ule wa nyuma, anasema, "Mama, ule wa nyuma ya choo au nyuma ya mwamba?" Nikamwambia mimi si kompyuta. Tukacheka. Lakini pale mzanini alikuwa anachoka bila kufanya kazi. Nilimjua. Anatia miguu kwenye beseni, hana habari ya kunipa.

Halafu Adoyo akamtuma mtu kumwita simuni. Aliporudi alisimama mlangoni, hakukaa.

"Mama, wale wa Dar wananitaka. Wana wateja wengine, hospitali moja, wanunuzi wa pamba. Kila mahali ugomvi ni uleule, huyu anasema nilisema, yule anasema hukusema. Wanataka mtu wa kukaa katikati. Safari hii si kuazimwa, mama. Ni kazi ya moja kwa moja."

"Nani amekuja kuomba?"

"Wamepiga simu."

"Simu si mtu. Maige alipanda mlima huu na koti lake. Alileta mzee. Na hao waje, wakae pale alipokaa, waseme wanachotaka, na mimi niwaulize maswali yangu."

"Ni mbali, mama. Ni watu wa kazi."

"Wewe ndiye uliyewakatalia kufanya mambo kwa mbali. Au hiyo ni kwa samaki tu?"

Alicheka, halafu akalia akiwa amesimama palepale. Akasema, "Mama, mimi nikibaki nitakuwa mtu wa kubonyeza." Nilikuwa nasubiri. Nilijua watakuja. Mtu anayetaka mwana wako anakuja.

Hawakuja. Walipiga tena, wakatuma tiketi. Evelina akafunga sanduku mchana kweupe, mimi naangalia. Mlangoni akaniuliza, "Mama, unanipa ruhusa?"

Nikanyamaza.

Akasubiri kidogo. Akapiga magoti, akashika miguu yangu, akaenda. Sisi kwetu binti akiomba na mzazi akinyamaza, anahesabu amepewa. Amehesabu hivyo. Ana zaidi ya mwaka sasa. Anapiga Jumapili, na mimi naenda kwa Adoyo, naongea naye vizuri, namuuliza habari za afya yake. Hilo la ruhusa hatulitaji. Yeye anafikiri liliisha pale mlangoni.

Halikuisha. Kimya changu hakikuwa ndiyo, na hakikuwa hapana. Nilikuwa na maswali, na wenye kuulizwa hawapo. Atalala wapi akiugua? Nani atamwambia amekosea, akiwa hana wa kugombea naye ndoo? Nikifa nitazikwa na nani, na atafika siku ya ngapi? Hayo siwezi kumuuliza Evelina, maana atanijibu la kunifurahisha.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, usifunge kijitabu useme pole bibi. Pole yako siitaki. Kama una ndugu Dar, au unakwenda, ulizia ile kampuni. Mwalimu Rose ana jina lake, nimempa. Uingie ofisini, usimtafute Evelina, mtafute mkubwa wao. Mwambie mama yake yupo Mkolani na hajatoa mtu. Waje wawili, wa kusema na wa kunyamaza, waje mchana, ugali utakuwepo. Akikutikisia kichwa ndiyo, ndiyo, usiondoke. Mwambie akurudishie ulivyosema. Kisha panda mlima uje uniambie alirudishaje.